Usisome Muhuri, Nenda Masjala

Mtu akiletewa barua yenye nembo ya bibi na bwana, muhuri mwekundu na maneno "NOTISI YA MWISHO" kwa herufi kubwa, jambo la kwanza analofanya ni kuigeuzageuza na kuiinua kwenye mwanga. La pili ni kuipiga picha na kumtumia jamaa aliyewahi kufanya kazi serikalini. Jamaa anaitazama kwenye kioo cha simu akiwa ndani ya daladala na kutoa uamuzi: "Hao matapeli, achana nao," au "Hiyo ni kweli kabisa, lipa haraka." Katika hali zote mbili amebahatisha. Msimamo wangu, ambao karani wangu ameusikia mpaka anaweza kuumalizia, ni kwamba uhalali wa barua ya deni au wito wa mahakama haumo kwenye karatasi. Umo kwenye masjala ya mahakama au kwenye kumbukumbu za anayekudai, na njia ya kufika huko ni lazima uitafute mwenyewe, usiichukue kwenye barua hiyohiyo unayoishuku.

Nianze na karatasi yenyewe, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Muhuri hutengenezwa kibandani, na fundi hana jinsi ya kujua kama mteja wake ni katibu wa kweli wa chama cha msingi au ni mwizi. Nembo ya Taifa inapatikana kwenye intaneti ikiwa safi kuliko ile iliyoko kwenye nakala nyingi za serikali. Zamani tuliambiana tutazame lugha: barua ya kitapeli ilikuwa na Kiswahili cha kuvunjikavunjika, na ya mahakama ilikuwa na Kiingereza kizito. Kipimo hicho kimekufa pande zote mbili. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo wito wa Kiswahili si ajabu tena, huku Kiingereza nacho kikiendelea kuonekana. Matapeli nao siku hizi wana programu za kuwaandikia sentensi zilizonyooka. Niongeze jambo ambalo halitawafurahisha wenzangu wa mahakamani: nyaraka nyingi halali nilizowahi kushika ni mbaya kwa sura. Fotokopi imefifia, jina la mdaiwa limekosewa herufi, tarehe imejazwa kwa kalamu ya bluu juu ya nyingine iliyofutwa. Ukitumia unadhifu kama kipimo, utazitupa za kweli na kuzilipa za uongo.

Kosa la pili ni kuamini kwamba anayejua habari zako ni lazima awe mhusika. "Ametaja kiasi ninachodaiwa mpaka shilingi ya mwisho, na jina la mdhamini wangu, sasa kama ni tapeli amejuaje?" Amejua kwa sababu habari hizo zimezagaa. Mtu aliyewahi kukopa kwa programu ya simu mara nyingi aliiruhusu isome orodha yake yote ya majina, picha ya kitambulisho na ujumbe wake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuyafungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kufungiwa kwa programu hakuzifuti taarifa zilizokwisha kukusanywa. Daftari la mkopeshaji wa mtaani, yule wa mikopo ya kausha damu, nalo lina mikono mingi: ofisa aliyefukuzwa kazi huondoka na orodha ya wateja kwenye simu yake. Kwa hiyo usahihi wa habari unakuambia kitu kimoja tu, kwamba mwandishi ameona taarifa zako. Haukuambii amepewa na nani mamlaka ya kukudai.

Hapo inabidi tutenganishe karatasi, kwa sababu watu huziita zote "barua ya mahakama" na hofu huanzia hapo. Barua ya madai, ile notisi ya siku 7 au 14 inayotoka kwa wakili au kampuni ya kukusanya madeni, haitoki mahakamani kabisa. Ni maneno ya upande mmoja: nakudai, lipa, usipolipa nitakushtaki. Haikufungi wala haitoi amri, hata kama imeandikwa "AMRI". Wito, ambao wengi wanauita samansi, unatoka mahakamani na unakutaka ujibu au ufike. Nao hauamui kwamba unadaiwa. Unasema kuna mtu amedai hivyo mbele ya mahakama. Karatasi ya tatu huja mwishoni, baada ya hukumu na tuzo: ni hati ya kukazia hukumu, inayomruhusu dalali wa mahakama kukamata mali. Tapeli hupenda kuzichanganya zote tatu kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu akikupa kila hatua kwa wakati wake utapata nafasi ya kufikiri.

Chukua barua moja iliyowahi kuletwa mezani kwangu na mama muuza mitumba. Juu iliandikwa "Mahakama Kuu ya Tanzania, Kitengo cha Ufuatiliaji wa Madeni". Hakuna kitengo hicho. Mahakama Kuu ina divisheni zake, kama ya Biashara, ya Kazi na ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, lakini haina ofisi ya kumfuatilia mtu kwa niaba ya mkopeshaji. Chini yake palikuwa na namba ya shauri isiyo na mwaka. Jina la mdai halikuwepo popote. Aliyekuwa akidai ni "Serikali", ingawa mkopo ulikuwa wa kampuni binafsi. Alitakiwa kulipa ndani ya saa 24 "ili kusitisha hati ya kukamatwa", na malipo yaende kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu. Tarehe ya kufika mahakamani ilikuwa Jumapili. Mama huyu ana akili za biashara kunishinda, na kama angeletewa marobota ya nguo yenye dosari tano angeyarudisha palepale. Kilichomziba macho ni ile saa 24. Barua za aina hii zimetengenezwa ili usizisome mara mbili, na aibu inafanya kazi iliyobaki: hutaki jirani ajue, hutaki mume ajue, kwa hiyo humwulizi mtu.

Sasa wito halali unakuwaje? Unataja mahakama ipi na iko wapi, namba ya shauri na mwaka wake, nani anamdai nani, unatakiwa kufanya nini na lini. Una saini ya hakimu au ofisa aliyeidhinishwa na lakiri ya mahakama. Katika mahakama za Wilaya, Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu huambatana na hati ya madai, yaani maelezo ya mdai mwenyewe. Muhimu kuliko hayo yote, wito haukuombi pesa. Ada ya kufungua shauri hulipwa na aliyelifungua, na gharama ya kukufikishia wito huanzia kwake pia. Mahakama haikutumii barua ikitaka uilipe deni kabla haijakusikiliza. Hata hivyo vitu hivi vyote vinaweza kuigizwa na mtu mwenye bidii, na ndiyo maana sikuvifanya kuwa kipimo. Vinakusaidia kujua swali la kuuliza masjala.

Na masjala kwenyewe hakuna la kuogopesha. Unakwenda kwenye mahakama iliyotajwa, si kwenye namba ya simu iliyoandikwa kwenye barua, na kumwambia karani: nimeletewa wito huu, naomba kujua kama shauri lipo. Atatafuta kwa namba au kwa majina. Kama shauri lipo, atakuambia liko kwa hakimu gani na linatajwa lini. Kama halipo, umeokoa fedha zako kwa nauli ya basi. Aliye mbali amtume ndugu au aombe msaidizi wa kisheria aliye karibu na mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi hao. Orodha ya mashauri ya siku pia hubandikwa kwenye mbao za matangazo. Hukumu nyingi zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII, lakini angalizo: humo hukuti shauri ambalo ndiyo kwanza limefunguliwa, kwa hiyo kulikosa TanzLII si ushahidi kwamba wito ni feki.

Kwa barua ya wakili, mahali pa kuuliza ni daftari la mawakili. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili unaoonyesha kama mtu ni wakili na kama ana leseni hai, na Chama cha Mawakili Tanganyika kinawajua wanachama wake. Lakini usiishie kuliona jina. Tapeli mwerevu hatungi wakili. Huazima jina la wakili wa kweli, huweka anwani ya kweli, kisha hubadilisha namba ya simu tu. Ukipiga namba iliyoko kwenye barua, atakayekuthibitishia kuwa barua ni halali ni yuleyule aliyeiandika. Tafuta namba ya ofisi kwa njia nyingine, au nenda.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani hatari ni kulipa wasiostahili. Kwa uzoefu wangu, hasara kubwa zaidi huwapata walioamua kwamba kila karatasi ni utapeli. Tumechoshwa na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mpaka tumejenga ukuta, na wito wa kweli unagonga ukuta huohuo. Katika mahakama za juu ya Mahakama ya Mwanzo, mdaiwa ana siku 21 tangu alipopokea wito kuwasilisha utetezi wake wa maandishi. Zikipita kimya, mdai anaweza kuomba kusikilizwa peke yake, na hukumu ya upande mmoja inatoka bila wewe kusema kwamba nusu ya deni ulishalipa na risiti unazo. Kuitengua kunawezekana, lakini maombi yana muda wake maalumu na ni lazima ueleze sababu ya maana ya kutofika. "Nilidhani ni matapeli" inasikika dhaifu sana mbele ya hakimu anayejua kuwa masjala ilikuwa umbali wa kituo kimoja cha mwendokasi. Kwenye Mahakama ya Mwanzo utaratibu ni mwepesi, unafika tarehe iliyotajwa na kujibu kwa mdomo, ila kutofika kunaumiza vilevile.

Kuna imani kadhaa zinazowafikisha watu hapo. Ya kwanza ni kwamba ukisaini wito umekiri deni. Hapana. Saini inathibitisha kupokea tu, na ukikataa, mpeleka wito anaweza kuubandika mlangoni kwako na kuapa mahakamani kwamba ulikataa, kisha siku zinaanza kuhesabiwa. Ya pili ni kwamba kama hukukabidhiwa wewe mkononi basi hujaitwa. Sheria inaruhusu mtu mzima wa familia unayeishi naye apokee ukiwa huonekani, na mahakama ikiombwa inaweza kuruhusu njia mbadala, ikiwemo tangazo gazetini. Picha ya wito kwenye WhatsApp? Haina uzito wa wito uliokabidhiwa kwa utaratibu, lakini usiifute. Chukua namba ya shauri iliyomo, uliza masjala.

Halafu kuna vitu vipya vinavyoonekana feki kwa sababu tu ni vipya. Tangu mfumo wa kielektroniki wa kuratibu mashauri ulipoimarishwa, namba za mashauri zimerefuka. Yenye tarakimu tano ni jambo la kawaida, na nimemsikia mtu mzima akiapa kwamba mahakama ya wilaya yake haiwezi kuwa na kesi nyingi kiasi hicho, kwa hiyo barua ni ya uongo. Vivyo hivyo jina la Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Linasikika kama la kubuni, lakini vituo hivyo vipo, Kinondoni, Temeke na mikoani, na ndani yake zimo mahakama za ngazi mbalimbali.

Vitisho vya jela vinahitaji maneno machache ya ziada, maana ndivyo vinavyouza. Deni la mkataba ni la madai. Polisi hawakamati mtu kwa kuchelewesha rejesho, ingawa nakiri wapo wakopeshaji wanaokimbilia kituoni kufungua jalada la kujipatia fedha kwa udanganyifu ili kumtisha mdaiwa. Kifungo cha madai kipo kwenye sheria, lakini kiko mwisho wa njia ndefu: kwanza hukumu na tuzo, kisha maombi ya kuikazia, kisha mdaiwa huitwa aeleze kwa nini asipelekwe gerezani, na anayetaka mwenzake afungwe ndiye anayetoa posho ya kumlisha humo. Barua ya kwanza kabisa kukufikia inayosema utalala mahabusu Ijumaa imeruka hatua zote hizo.

Dalali naye ana utaratibu. Madalali na wasambaza nyaraka wa mahakama huteuliwa chini ya kanuni za mwaka 2017, nao wana mamlaka yao ya nidhamu. Anayefika kwako na gari la mizigo aonyeshe kitambulisho chake na hati iliyosainiwa mahakamani yenye namba ya shauri, na aorodheshe anachochukua. Hata akiwa na hati, nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za kazi za fundi vimekingwa na sheria. Akisema, "Tumalizane hapahapa, nipe laki tatu niondoke," mwombe mwongozane mpaka mahakamani. Dalali halali hana sababu ya kukataa safari hiyo.

Lakini tahadhari, maana hapa ushauri wa vijiweni huua. "Hana hati ya mahakama, hawezi kugusa nyumba" ni kweli kwa mikopo mingi isiyo na dhamana, na si kweli kwa nyumba iliyowekwa rehani. Chini ya Sheria ya Ardhi, benki yenye rehani iliyosajiliwa inaweza kuuza bila kwenda mahakamani, ilimradi imekupa notisi ya ukiukaji wa mkataba na siku 60 zimepita, na imefuata taratibu za mnada. Notisi hiyo haina muhuri wa mahakama hata mmoja na bado ndiyo barua nzito kuliko zote utakazopokea. Ipeleke tawini siku hiyohiyo, uombe taarifa ya mkopo wako, uanze mazungumzo siku 60 zikiwa bado nyingi.

Kuna barua ya aina nyingine inayonisumbua zaidi kuliko feki: ya kweli yenye dai lililochakaa. Kampuni usiyoijua inasema imenunua deni lako la zamani. Kuuza deni si haramu. Omba hati ya kuhamisha deni, kisha muulize mkopeshaji wa awali kwa maandishi kama amelihamisha na salio ni kiasi gani. Angalia pia umri wake. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na ukipita mdai hawezi kulifungulia shauri. Hapo ndipo wakusanyaji huja na lugha laini: "Tuma hata elfu kumi tu uonyeshe nia njema." Malipo ya sehemu, au kukiri deni kwa maandishi na saini kabla ukomo haujafika, huanzisha hesabu ya muda upya. Kabla hujatuma hiyo elfu kumi au kujibu ujumbe kwa "naomba mnivumilie, nitalipa", hesabu miaka na uonane na mwanasheria.

Kuhusu malipo, kanuni yangu ni fupi. Fedha ya mahakama na ya taasisi za serikali, iwe TRA au Bodi ya Mikopo, hupita kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoizoea kama kontrol namba, na kabla ya kuthibitisha soma jina la taasisi inayopokea. Deni la benki lilipwe kwenye akaunti ya mkopo wako, si kwa ofisa. Namba ya simu ya mtu binafsi haimo katika njia hizo.

Nisiwabebeshe wananchi mzigo wote. Mahakama ikiwa na mfumo wa kielektroniki wa mashauri, kila wito unaweza kutoka na alama ya kuskani au namba ambayo mtu wa Kibondo anaituma kwa ujumbe mfupi wa bure na kurudishiwa majibu: shauri lipo, linatajwa tarehe fulani. Wenyeviti wa serikali za mitaa, ambao wasambaza nyaraka huwapitia kila wiki, wafundishwe kuuliza kitambulisho na kuweka daftari la nani alileta nini. Na wakopeshaji wenye leseni wawaandikie wateja wao majina ya mawakili na wakusanyaji wanaowatumia, mapema, wakati wa kusaini mkopo. Mteja akijua tangu mwanzo nani anaweza kumwandikia, mgeni atajulikana mara moja. Hili la mwisho halihitaji bajeti wala sheria mpya, na sioni kisingizio cha kutolifanya.

Kama umekwisha kulipa kisha ukagundua, piga simu kwa mtandao wako wa simu muda huohuo uombe muamala uzuiwe kabla fedha hazijatolewa, halafu nenda polisi na barua yenyewe, bahasha yake na ujumbe wa muamala. Usifute chochote kwa hasira. Ujumbe wa kitapeli uutume kwenda 15040, na ubonyeze *106# kuona kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu aliyekuwa na habari za deni lako huenda alikuwa na nakala yake pia. Na kama barua ilitaja shauri ambalo masjala wamesema halipo, mwachie karani nakala. Wa kwanza kulalamika huonekana kama kisa kimoja. Nakala zikiwa kadhaa zenye namba ileile ya simu, mpelelezi ana pa kuanzia.